Maumivu ya Kiuno na Mkulima



Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kusema habari za maradhi yasiyoambukiza, ambayo ni nadra kumwua mtu, wala hayamtishi kama homa itishavyo, lakini humlaza mkulima chini wakati ule ule shamba linapomhitaji kuliko siku zote. Maradhi hayo ni maumivu ya kiuno. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa nayo, nalo lasema hakuna maradhi mengine yawazuiayo watu wengi zaidi wasifanye kazi zao. Basi mwenye kuumwa kiuno asijione peke yake.

Tutayaweka mazungumzo haya Kiranjeranje, katika wilaya ya Kilwa, kando ya barabara kuu ishukayo kutoka Nangurukuru kwenda Lindi. Hatukupachagua kwa sababu watu wake ni wagonjwa kuliko wengine, bali kwa kuwa kazi zao ni mkusanyo wa kila jambo liwezalo kukichosha kiuno cha mwanadamu. Hulima ufuta kwa jembe la mkono. Huokota korosho chini ya mikorosho, moja moja. Hubeba maji kichwani, na huko Makangaga wapo wachimbao jasi kwa sururu na chepe.

Ufuta ndio hasa utakaotufaa kwa mfano. Mbegu yake ni ndogo, na mche wake katika majuma ya kwanza hukua polepole mno, ilhali magugu hayamngoji mtu. Katika mwezi ule wa kwanza sharti mkulima apalilie, tena apunguze miche iliyosongamana, na kazi zote mbili hufanywa kwa kuinama. Akilala juma zima, aweza kuamka akute shamba limekwisha kuwa la magugu. Kwa hiyo swali la nini kifanywe kiuno kinapouma si la afya peke yake. Ni swali la chakula, la ada za watoto, na la deni la dukani.

Tumchukue mama mmoja, ambaye hatumpi jina kwa kuwa wa mfano wake ni wengi. Alikuwa ameinama tangu alfajiri akipalilia. Jua lilipofika utosini alijaribu kusimama, akasikia kama kitu kinachokatika chini ya mgongo, akashika magoti yake asianguke. Watoto wakamwongoza nyumbani, akitembea kama aliyejitwika mtungi uliojaa pomoni na kuogopa kumwaga hata tone.

Jioni hiyo nyumba ilijaa washauri. Mama mkwe akasema, "Lala, mwanangu, wala usijinyanyue, mfupa ukihama haurudi kwa kutembea." Jirani akasema kuwa hizo ni figo. Mwingine akasema ni chango. Shemeji akaenda dukani akarudi na vidonge vya diklofenaki, na kesho yake akaitwa mtu wa kupiga sindano. Mama yule akalala siku 10. Maumivu makali ya siku ya kwanza yalikwisha kupungua, lakini kila alipojaribu kuketi aliona miguu inatetemeka na kiuno kimekuwa kigumu kama ubao, akaogopa, akalala tena.

Siku ya kumi na moja alipelekwa zahanati. Mwuguzi aliyempokea alikuwa kijana, umri wa binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tangu lini hujatembea?"

"Tangu siku niliyokatika kiuno. Niliambiwa nisijinyanyue."

Mwuguzi hakuharakisha kuandika dawa. Alimwuliza kama ana homa, kama amekonda, kama mkojo watoka kwa kawaida, kama maumivu humwamsha usiku. Akamgusa miguu yote miwili kujua kama asikia sawasawa. Akamwambia asimame kwa vidole, kisha atembee hatua chache kwa visigino. Mama akajikongoja, akaweza. "Mama," akasema, "hakuna kilichokatika. Kilichokutia unyonge sasa si kile kiuno cha siku ile, ni hizi siku 10 za kitandani."

Maneno hayo yaonekana magumu kuaminika, kwa hiyo yatupasa kueleza jinsi kiuno kilivyoumbwa.

Uti wa mgongo ni pingili nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Zile za kiunoni ni 5, nazo ni kubwa kuliko zote, maana ndizo zichukuazo uzito wa kiwiliwili. Baina ya pingili na pingili pana kisahani cha gegedu, laini katikati na kigumu pembeni, ambacho huuwezesha mgongo kupinda. Nguzo hii yote imeshikwa na kano na misuli minene ya nyuma na ya ubavuni, mfano wa kamba zishikazo mlingoti wa jahazi. Pembeni mwa kila pingili hutoka mishipa ya fahamu iendayo miguuni.

Katika watu 10 wenye kuumwa kiuno, kwa kadiri 9 ni wale ambao daktari hawezi kuweka kidole mahali pamoja na kusema, hapa ndipo palipoharibika. Wala si upungufu wa elimu yake. Ni kwamba misuli, kano na viungo vidogo vimechoka au vimeteguka kidogo, navyo hupona vyenyewe, kama kifundo cha mguu kiteguliwacho na shimo njiani. Ile hisia ya kukatika mara nyingi ni misuli iliyokazana ghafula ili kuulinda mgongo. Inauma sana, hatukatai. Lakini ukali wa maumivu si kipimo cha ukubwa wa madhara. Jino bovu dogo laweza kumliza mtu mzima, na mtu aweza kuwa na ugonjwa mkubwa asisikie kitu.

Kwa nini basi kuinama kunachosha hivi? Tazama mtu anyanyuaye ndoo ya maji ya lita 20, ambayo uzito wake ni kilo 20. Akiishika mbali na mwili, kiasi cha sentimita 50 mbele ya uti wake, misuli ya nyuma ipaswayo kumzuia asianguke kifudifudi huvuta kutoka umbali wa sentimita 5 tu au zaidi kidogo. Huo ni wenzo, kama mtaimbo wa kung'olea kisiki, ila hapa wenzo unafanya kazi dhidi ya mwenyewe. Upande mmoja ni mrefu mara 10 kuliko wa pili, kwa hiyo ndoo ya kilo 20 yaidai misuli mvuto wa kadiri ya kilo 200, bila kuhesabu uzito wa kichwa, mikono na kifua chake mwenyewe. Akiivuta ndoo hadi sentimita 25 kutoka utini, deni hilo lapungua nusu. Hapo ndipo palipo siri ya wachukuzi wa bandarini, ambao huukumbatia mzigo kabla ya kuuinua, ingawa hakuna aliyewafundisha hesabu.

Msikilizaji asitoke hapa akidhani kiuno ni kioo. Misuli izoeayo kazi hunenepa, na mifupa itumikayo huwa imara. Kinachodhuru zaidi ni kazi ya ghafula baada ya miezi ya kukaa, au mkao mmoja usiobadilishwa kwa saa nyingi. Yule mama hakuumia kwa kulima. Aliumia kwa kuinama kuanzia alfajiri hadi adhuhuri bila kunyoka, katika juma la kwanza la msimu.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya picha, kwa sababu tumeona watu wakiuza mbuzi, na wengine hata mikorosho, wapate nauli ya kwenda Dar es Salaam kupigwa picha ya mgongo. Katika mwaka 2015 wataalamu walikusanya habari za watu 3,110 waliopigwa picha za ndani ya mgongo ilhali hawakuwa na maumivu yo yote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, watu 37 katika 100 walikuwa na visahani vilivyochakaa. Miongoni mwa wenye miaka 80 walikuwa 96 katika 100. Wote hao walikuwa wakitembea na kufanya shughuli zao, hawajui. Mkeka uliolaliwa miaka mingi hulika nyuzi, na bado hulaliwa. Basi mtu akiambiwa kwamba picha yaonyesha kisahani kimechakaa au kimetokeza, asidhani amesomewa hukumu; picha ina kazi yake pale penye dalili za hatari, ambazo tutazitaja baadaye.

Turudi kwenye kitanda. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliagiza kulala, na wazee wetu hawakukosea kuwasikiliza. Lakini jambo hili limekwisha kupimwa. Mwaka 1995 ilitolewa habari ya watu 186, watumishi wa mji wa Helsinki, nchi ya Finland, walioshikwa na kiuno ghafula. Baadhi walilazwa siku 2. Baadhi walipewa mazoezi ya kunyosha mgongo. Waliobaki waliambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri maumivu yatakavyowaruhusu. Waliopona upesi kuliko wote ni hao wa mwisho, na waliolazwa ndio waliochelewa.

Twajua vema kwamba watumishi wa Helsinki hawapalilii ufuta. Kuendelea na shughuli hakumaanishi kurudi shambani kesho yake na kuinama tangu alfajiri. Maana yake ni hii. Siku ya kwanza, maumivu yakiwa makali, mtu na alale, chali huku miguu imeegemezwa juu ya mto au gunia lililokunjwa, au ubavu huku mto mdogo umewekwa baina ya magoti. Lakini kila baada ya saa moja hivi ainuke, kwa kugeuka ubavu kwanza na kujisukuma kwa mkono, atembee hata kama ni mpaka mwembeni na kurudi. Siku ya pili atembee zaidi, aoge mwenyewe, aketi na wenzake. Siku ya tatu au ya nne ashike kazi nyepesi za nyumbani. Maumivu kidogo wakati wa kutembea si dalili kwamba kitu kinaharibika. Yakizidi sana na kubaki hivyo hadi kesho, apunguze, asiache. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya majuma 6, na wengi mapema zaidi.

Tumesema kazi za nyumbani, lakini katika nyumba za pwani yetu imo kazi moja iinamishayo mtu kuliko jembe, nayo ni kufagia. Fagio la chelewa ni fupi, na uwanja ni mpana, na binti hufundishwa kuufagia kila asubuhi akiwa amejikunja sehemu mbili. Yatosha kulifunga fagio hilo kwenye mti wa urefu wa kifua. Twajua wapo watakaocheka, wakisema huo ni uvivu wa kizungu. Na wacheke.

Jembe nalo lina habari yake. Katika mashamba ya California, Marekani, vibarua walilazimishwa kwa miaka mingi kupalilia kwa jembe la mpini mfupi sana, na wenye mashamba walidai kuwa mpini mrefu ungeharibu mimea. Viuno vya vibarua viliharibika kabla ya uzee. Wakapeleka shauri lao mbele ya sheria, na mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku, na mashamba yakaendelea kulimwa. Hapa kwetu hakuna amlazimishaye mkulima mdogo. Mpini ni wake na fundi ni jirani yake. Mpini ufaao kupalilia, jembe likisimamishwa chini, hufika baina ya kitovu na kifua cha mwenyewe. Mume na mke wasiofanana kimo wasitumie mpini mmoja.

Penye kazi isiyoweza kufanywa kwa mpini mrefu, kama kupunguza miche, ni afadhali kupiga goti moja juu ya gunia lililokunjwa, na kubadilisha goti kila baada ya hatua chache. Mwisho wa kila mstari mtu asimame, aweke viganja kiunoni, ajinyoshe nyuma taratibu mara 5, ndipo aanze mstari mwingine. Aidha agawe kazi: asubuhi kupalilia, kisha aende kwenye kazi ya kusimama, kisha arudi. Na anayechimba jasi au mchanga asiuzungushe mgongo miguu ikiwa imesimama pale pale; ageuze miguu, na mwili uifuate.

Kuhusu magunia twasema kwa ufupi. Gunia la kilo 100 si mzigo wa mtu mmoja, hata akiwa kijana na hata wenzake wakimtazama. Na lumbesa, lile gunia lishonewalo kilemba, limekatazwa na sheria ya vipimo, ambayo kwa bahati njema huvifaa na viuno vya wachukuzi.

Sasa tuje kwenye dawa. Kitambaa kilichokamuliwa katika maji ya moto na kuwekwa kiunoni huleta faraja, wala hakina gharama. Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi, au kwa yale ya ufuta ambayo wazee wa pwani huyaita uta, kwaweza kusaidia pia, na mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa mwezi wa Desemba 2023 juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu umekutaja kuchua miongoni mwa mambo yafaayo. Lakini kuchua ni kwa mikono, si kwa magoti wala kwa kukanyagwa na mtoto, wala mtu aliyeanguka asichuliwe kabisa kabla ya kuonwa na mganga wa hospitali. Kupigwa chuku na kuchanjwa chale hatukushauri, maana wembe uliotumiwa na wengi huingiza maradhi makubwa kuliko yale yaliyopelekwa kutibiwa. Mikanda ya kukaza kiuno iuzwayo minadani haikukubaliwa na mwongozo huo kwa watu wenye maumivu ya siku nyingi.

Vidonge vya diklofenaki na ndugu zake hupunguza maumivu, hilo ni kweli, navyo vyaweza kumsaidia mtu asimame na kuanza kutembea. Lakini vitumiwe kwa siku chache, baada ya chakula, na kwa ushauri wa mganga. Vyaweza kuchimba vidonda tumboni na kutoa damu, na kudhuru figo, hasa za wazee na wenye shinikizo la damu. Tena havimfai mwanamke mwenye mimba asiyeagizwa na mganga. Ni jambo la kusikitisha kumwona mtu akiogopa kwamba kiuno chake ni ugonjwa wa figo, na kumeza kila siku, kwa ajili ya hofu hiyo, dawa iwezayo kuziharibu figo. Sindano haina nguvu ya ziada ila uchungu wake na bei yake.

Na kitanda? Watu huambiwa walale sakafuni. Madaktari wa Uhispania waliwajaribu watu 313, wakatoa habari zao mwaka 2003, wakaona kwamba waliolalia godoro la ugumu wa kadiri walipata nafuu kuliko waliolalia godoro gumu. Mwenye kitanda cha kamba kilicholegea hadi kuwa kama machela, na akaze kamba zake; inatosha.

Limebaki jambo ambalo wanaume hawalisemi barazani. Pwani yetu neno ngiri hubebeshwa mizigo mingi: tumbo likiuma ni ngiri, kiuno kikiuma ni ngiri, na mwenye ngiri hudhaniwa kuwa nguvu zake za kiume zimepungua. Kwa hofu ya kusikiwa, mtu huficha maumivu, akanunua mizizi kwa siri na kwa bei kubwa. Ngiri ya kweli ni utumbo utokezao kwenye kinena au kitovuni kwa kupenya mahali palipo dhaifu, nayo hutibiwa kwa kupasuliwa. Haina ukoo na kiuno cha mkulima. Hali kadhalika figo: zimekaa juu zaidi, chini ya mbavu, na zikiugua maumivu huwa mara nyingi upande mmoja, pamoja na homa au mabadiliko ya mkojo, wala hayabadiliki mtu ainamapo au ainukapo.

Tumekwisha kusema kwamba 9 katika 10 hupona bila hatari. Sasa tumfikirie yule wa kumi, maana kosa la kumchelewesha huyo halirekebishiki.

Tuseme kijana mmoja mchimba jasi anaumwa kiuno mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kazi yake ni ngumu, kwa hiyo kila mtu, naye mwenyewe, aona sababu iko wazi. Lakini maumivu haya hayapungui akipumzika, humwamsha usiku. Hutoka jasho hadi shuka kulowa. Suruali zamlegea. Mwezi wa nne mkewe, akimpaka mafuta, agusa kinundu katikati ya uti. Hicho si kiuno cha kazi. Hicho chaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia katika pingili, maradhi ambayo Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliyaeleza mwaka 1779, na ambayo alama zake zimeonekana hata katika maiti za kale za Misri. Mgonjwa aweza asikohoe hata kidogo. Akicheleweshwa, pingili huporomoka na miguu hupooza. Akiwahi, hupona kwa dawa za kifua kikuu, ambazo hutolewa bure katika hospitali za serikali, nazo humezwa kwa miezi isiyopungua 6, na mara nyingi zaidi, bila kukosa.

Mzee aliyepita miaka 50, aanzaye kuumwa kiuno upya bila sababu, hasa usiku, na huku mkojo watoka kwa shida, naye aende akapimwe, kwa kuwa saratani ya tezi dume hupenda kuhamia katika mifupa ya mgongo. Vivyo hivyo mtu aliyewahi kutibiwa saratani yo yote.

Maumivu yashukayo mguuni hadi chini ya goti, kama umeme au kama moto, hutokana na mshipa wa fahamu uliobanwa. Hayo pia mara nyingi hupoa kwa majuma au miezi michache. Bali mguu ukiwa dhaifu, wayo ukawa waburura, mtu asingoje. Na hatari kuliko zote ni hii: ganzi sehemu za siri na makalioni, mahali ambapo mtu angekalia tandiko la farasi, pamoja na mkojo kuzuia au haja kutoka bila habari. Mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Kutoka Kiranjeranje ni Kinyonga, huko Kilwa Kivinje, au ni Sokoine mjini Lindi, ili kama ikibidi apelekwe mbele hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Kila saa ipitayo yaweza kuwa na bei yake.

Aliyeanguka kutoka mnazini au mkoroshoni, akaumia mgongo, asinyanyuliwe kwa mikono na miguu kama gunia, wala asikalishwe juu ya pikipiki baina ya watu wawili. Alazwe chali juu ya mlango uliong'olewa au ubao mpana, kichwa na kiwiliwili vigeuzwe pamoja na watu wasiopungua wanne, kisha itafutwe gari.

Maumivu ya kiuno yana tabia ya kurudi, na msikilizaji asiyejua hili hufadhaika yarudipo. Huko Australia watu wazima 701 waliokuwa wamepona walifuatwa, na habari zao zikatolewa mwaka 2024. Nusu yao walifundishwa kutembea kwa miguu, wakaongeza polepole hadi kufikia nusu saa, mara 5 kwa juma; wenzao hawakufundishwa kitu. Kwa waliotembea, siku za katikati kabla ya kuumwa tena zilikuwa 208. Kwa wengine, 112. Mkulima atasema kuwa yeye hutembea kila siku kwenda shamba, na ndivyo ilivyo katika msimu. Lakini baada ya mavuno, wapo wakaao barazani miezi mitatu wakicheza bao, kisha mvua ya kwanza ikaribishwapo huinama siku nzima. Viuno vya watu hao ndivyo tuvionavyo zahanati.

Yule mama alirudi shambani siku ya nne baada ya kutoka kwa mwuguzi. Siku hiyo alipalilia mistari 2, akapumzika chini ya mkorosho, akarudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Kesho yake mistari 3. Kiuno kilimwuma, akajinyosha, akaendelea. Sehemu ya shamba iliyo karibu na njia aliiwahi. Ile ya bondeni ilikuwa imekwisha kumezwa na magugu, akaiacha, na mwaka ule akavuna kasoro. Msimu uliofuata, kabla ya mvua, alikwenda kwa fundi na jembe lake, akasimama wima, akaonyesha kwa kiganja mahali mpini utakapofika.